Maziwa ya Darmi Kambini

Siku maziwa yaliporudishwa, Darmi alidhani anafanyiwa mzaha. Alikuwa amesimama langoni pa kambi akingoja kibuyu chake kitupu, kama alivyongoja kila asubuhi, na Kaviha, askari wa zamu, akamletea. Alipokipokea, mkono ukashuka kwa uzito. Akafungua kifuniko, akachungulia. Kilikuwa kimejaa mpaka shingoni, vilevile kilivyotoka kwake.

Kaviha alikuwa Mpokomo wa Kulesa, mtu mpole aliyeingia kazi ya uaskari kwa sababu mafuriko yalikuwa yamezoa shamba lake. Alimweleza kwamba wale wafungwa wagonjwa wameyakataa. Kwa nini? Hakujua. Walitikisa vichwa tu, naye akayarudisha. Darmi alitundika kibuyu begani akaondoka amefura, na njia nzima ya kurudi kwake alikuwa akisema peke yake.

Asiyemjua atauliza, maziwa yakirudi si unakunywa mwenyewe? Huyo hajawahi kukaa na Darmi. Huyu alikuwa mke wa Duba, Mworma, mfugaji wa nyika za Garsen, mwanamke mrefu mkavu wa mwili, mwepesi wa hasira na mzito wa kusahau. Vibuyu vyake alivifukiza mwenyewe kwa kuni alizozichagua mwenyewe, na hakumwachia mtu mwingine kazi hiyo hata alipokuwa na homa. Aliwahi kutoka harusini bila kuaga kwa sababu mwenye nyumba alimpa chai ya maziwa yaliyotiwa maji, na hakupita tena mlangoni kwa mtu yule mpaka mvua zilipozunguka. Watu wa Garsen walimcheka, lakini walipotaka maziwa ya mgonjwa au ya mzazi, walituma kwake.

Na kwao, mtu hayakatai maziwa hivi hivi. Asiyekunywa maziwa yako ni yule mnayegombana naye. Ukimkaribisha akageuza uso, amekuambia kwamba kuna neno kati yenu, na neno hilo lisipotolewa mapema litakaa hadi kwa watoto. Sasa Darmi alikuwa amekosana na watu asiowajua, watu wa bara waliokuwa nyuma ya senyenge, na hakujua kosa lake ni lipi. Hilo ndilo lililomkereketa.

Kambi yenyewe ilikuwa imemkuta pale. Katika miaka ile ya hali ya hatari serikali ilileta malori, ikafyeka kichaka kando ya mto Tana, ikazungusha senyenge na kujaza ndani wanaume wa siasa kutoka bara. Walipozungusha senyenge yao wakaifungia humo na malka, yaani njia ya mifugo kushukia mtoni kunywa maji. Malka ile ng'ombe wa ukoo wa Duba waliitumia tangu enzi za babu zake. Nyingine iliyobaki wazi ilikuwa juu huko, kupita Kulesa, mwendo wa kutwa nzima katikati ya mashamba ya migomba, na ng'ombe akiuma mgomba mmoja ni kesi.

Mzungu mkubwa wa pale, ambaye watu walimwita Bwana Kambi tu, akatoa shauri lake. Daktari alitaka maziwa kwa ajili ya wafungwa wagonjwa. Darmi alete kibuyu kila asubuhi, na ng'ombe wake wafunguliwe lango la malka wanywe. Duba, mumewe, alikubali haraka akaenda zake na kundi kubwa kwenye malisho ya kusini, akamwachia mkewe ng'ombe wa kukamwa na ndama zao. Kwa hiyo maziwa yale ndiyo yaliyokuwa maji ya ng'ombe. Yakikosekana, lango linafungwa.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Wagonjwa walikaa kwenye kivuli cha kibanda cha daktari, karibu na senyenge inayopakana na malka, na Darmi akipita na ng'ombe wake aliwaona wakinywa. Kulikuwa na mzee mmoja mwembamba, mwenye kofia ya sufu asiyoivua hata kwa joto lile, ambaye ndiye aliyekuwa akinywa wa kwanza. Alikuwa akimpungia mkono na kusema asante mama. Darmi hakuwa mtu wa kuchekacheka na wageni, ila kimoyomoyo alipendezwa.

Sasa ni mzee yuleyule aliyekuwa wa kwanza kukataa.

Kwanza Darmi alilaumu moshi. Alisikia kwamba watu wa bara hawapendi ladha ya kibuyu kilichofukizwa, basi akameza kiburi chake akachukua sufuria, akaisugua kwa mchanga mpaka ikameta, akapeleka maziwa yasiyo na harufu yoyote. Yakarudi. Akafikiri labda ni ng'ombe mwekundu aliyekula majani machungu, akamtenga. Yakarudi. Kila yaliporudi alipita nayo mbele ya maduka ya Garsen, na wanawake waliokuwa wakimwogopa wakapata la kusema. Kweli, Darmi wa vibuyu, leo hata wafungwa wanamkataa.

Ikabaki njia moja, nayo ni kutafuta suluhu. Alikaanga buni katika samli, zile punje nzima za kahawa ambazo watu wa kwao hutafuna pamoja wanapotaka kuombana radhi. Mtu akitafuna buni yako, maneno yamekwisha. Kazi hiyo ilikuwa ya Duba, lakini Duba alikuwa mbali, na Darmi alikwisha kuchoka kungoja. Akaweka buni katika bakuli la mti, akaswaga ng'ombe wake mpaka malka, na walipokuwa wakinywa akaenda hadi penye senyenge. Kaviha alimwona, akageukia upande wa mto.

"Mzee," Darmi alisema, "mimi nakosa wewe nini?"

Yule mzee alimtazama kwa mshangao. Alikuwa amekonda mno tangu siku za asante mama, na mashavu yamebonyea. "Hujanikosea kitu, mama."

"Basi chukua hii, tafuna. Maneno iishe."

Akapenyeza bakuli katikati ya nyaya. Harufu ya samli na kahawa ikawafikia wote waliokuwa kivulini. Mmoja akafunika uso kwa blanketi. Mwingine akajiburura mpaka upande wa pili wa kibanda. Mzee alimeza mate, ingawa hayakuwapo ya kumeza, akalisukuma bakuli lirudi kwa mwenyewe, taratibu, kwa ncha za vidole.

Akamweleza. Alisema wao hawajahukumiwa na korti yoyote. Walikamatwa kwa siasa, kwa kudai ardhi yao, na sasa wanaambiwa wachimbe mfereji wa serikali kama wezi. Walipokataa kuchimba wakapunguziwa chakula. Basi wakasema, kama chakula ndiyo kamba ya kuwavutia, nacho kikae. Hawali kitu mpaka wasikilizwe. Hawakugombana na mtu wa Tana hata mmoja.

Darmi alisikiliza mpaka mwisho, na badala ya kupoa akazidi kuwaka. "Mahindi ni ya serikali, sawa. Maziwa ni yangu. Ng'ombe yangu, mkono yangu."

"Najua, mama," mzee alisema. "Lakini yakishapita lango lile, ni yao."

Darmi alichukua bakuli lake, akaswaga ng'ombe, akatafuna buni yote peke yake mpaka akafika nyumbani, na usiku usingizi ukamruka.

Baada ya hapo agizo likabadilika. Bwana Kambi alimwita akataka vibuyu viwili badala ya kimoja, na maziwa yawe mabichi kabisa. Darmi akashusha pumzi. Wamekubali, alijiambia, njaa imewatia akili. Alikamua mpaka vidole vikamuuma, akavifukiza vibuyu vyote viwili kwa kuni zake nzuri maana sasa hakuona haja ya kujificha, na asubuhi yake akaenda kambini akitembea kama mtu anayekwenda kumwona mwanawe. Alikabidhi langoni, akazunguka na ng'ombe hadi malka, na akasogea kwenye senyenge ili awaone wakinywa.

Mzee wa kofia alikuwa amelazwa chali juu ya meza nje ya kibanda. Askari wawili walimshika mikono na mmoja alimkalia kifuani. Kaviha alikuwa amemkumbatia miguu. Msaidizi wa daktari alikuwa akimwingiza mpira puani, mrefu, akiusukuma, na mzee akitoa sauti ambayo Darmi hakuijua kuwa ni ya mtu. Kisha mtu mwingine akainua kibuyu. Kibuyu chake. Alikijua kwa ule mshono alioushona yeye mwenyewe kilipopasuka. Akamimina maziwa katika faneli, mzee akatupa kiwiliwili kama samaki, maziwa yakamtoka puani na mdomoni, yakatiririka shingoni na mezani hadi mchangani, na harufu ya moshi wake mzuri ikamfikia Darmi pale alipokuwa amesimama.

Walingoja mzee apumue, wakaanza tena.

Darmi alipiga kelele, kwa Kiorma, na hakuna aliyegeuka ila Kaviha. Macho yao yakakutana. Kaviha akainamisha kichwa, lakini miguu ya mzee hakuiachia.

Duba alirudi wiki hiyo kuangalia watu wake, akamkuta mkewe hapiki na hasemi. Alipoambiwa kisa, alikuna ndevu zake muda mrefu. Duba alikuwa mtu mwema, tusimwonee. Lakini alikuwa mfugaji katika kiangazi, na macho yake yalikuwa kwa ng'ombe. Alisema ni jambo baya, Mungu atawalipa, ila lango la malka liko mikononi mwa mzungu. Wale si watu wao. Hata lugha yao hawaijui. Kwani Darmi anataka ng'ombe wafe kwa ajili ya ugomvi wa Nairobi?

"Nimewanywesha ndama yatima kwa pembe tangu nikiwa mtoto," Darmi alimjibu. "Nimewabana magotini nikawatia maziwa kwa nguvu. Ndama hajui kusema hataki. Yule alisema, Duba. Aliniambia mimi, kwa mdomo wake."

Duba akasema hayo akawaeleze ng'ombe, wakimwelewa na yeye ataelewa. Akaondoka bila kunywa chai.

Asubuhi iliyofuata Darmi alifanya jambo ambalo mwanamke wa Kiorma hulifanya kwa bahati mbaya tu, na likitokea huzomewa na mama mkwe. Kabla hajakamua, alilifungua zizi la ndama. Ndama wakatoka mbio, kila mmoja akamwendea mama yake, wakanyonya wakitikisa mikia mpaka povu likawafanya midomo myeupe. Aliketi juu ya kinu akiwatazama. Kisha akaenda langoni mikono mitupu, akasema ndama wamekata kamba wakanyonya yote. Bwana Kambi aliguna, akamsamehe. Kesho yake ndama wakakata kamba tena. Mzungu yule hakuwa mjinga. Alimwambia kwa Kiswahili chake cha amri kwamba asipoona maziwa, hakuna malka, na mambo yaishe.

Darmi angeweza kusema uongo mwingine. Alikuwa nao tayari, ng'ombe wanaumwa, nyasi zimekauka. Lakini alichoka kuwasingizia ndama.

"Maziwa iko," alisema. "Mimi sileti."

Siku ileile lango la malka likafungwa kwa mnyororo na kufuli.

Hapo ndipo Darmi alipoonja alichokitaka. Aliwaswaga ng'ombe juu, kupita Kulesa, kwenda kutwa na kurudi kutwa. Aligombana na wenye migomba, akatukanwa, akatukana, akalipa mgomba kwa mbuzi. Ng'ombe mwekundu alianguka njiani na hakuinuka. Ndama wake akafuata. Wengine walirudi wamechoka hivi kwamba walilala bila kucheua, na chuchu zao zikanywea. Duba alihama na kundi lake kubwa bila kupitia nyumbani. Shemeji zake walikuja kumwambia kwamba amemwaibisha mumewe, wakala, wakaondoka.

Yote hayo angeyabeba. Lililomvunja ni habari aliyoletewa na Kaviha walipokutana njiani Garsen. Kaviha alijikuna shingo, akasema bora asikie kwake. Lori lilikuwa limekuja kutoka Malindi na maziwa ya unga, makopo kwa makopo. Siku ile ambayo Darmi alikataa, ndiyo siku makopo yalipofunguliwa. Mpira haukupumzika hata asubuhi moja.

"Kwa hiyo mimi nafanya nini?" Darmi alimwuliza. "Ng'ombe yangu nakufa bure?"

Darmi alimtukana, akamtukana mama yake, akautukana mto, akaketi chini katikati ya njia, na watu wakampita pembeni.

Mgomo ulikwisha kabla ya mvua. Wakubwa walikuja kwa ndege, wakakaa na wafungwa, na neno likatoka kwamba mfereji usimame kwanza. Wafungwa wakaanza kula uji. Darmi alizisikia habari hizo kama anavyozisikia mtu aliyekwisha kufiwa, hazikumwongezea wala kumpunguzia. Kufuli la malka halikuondolewa. Bwana Kambi alikuwa na maji yake na makopo yake, na hakumhitaji mtu.

Kisha Kaviha akaja nyumbani kwake, amevaa shuka, bila ile kofia ya kazi. Alisimama mbali kidogo maana hakujua atapokewaje. Alisema yule mzee wa kofia ya sufu hali yake ni mbaya. Wenzake wanakula, yeye tumbo linakataa. Akisikia tu harufu ya maziwa ya kopo hutapika, kwa sababu ya ule mpira. Wamemuuliza anataka nini, naye amesema anataka maziwa ya yule mama, yenye moshi.

"Sikutumwa na mtu," Kaviha aliongeza. "Nimekuja mwenyewe. Ile miguu, mama, naiota."

Darmi alimtazama asijue acheke au amrushie mchi. Wakati maziwa yalipojaa mpaka shingoni, walimrudishia. Sasa yanatakiwa, na hayapo. Aliingia zizini. Alimgusa wa kwanza, akapata matone. Wa pili alimpiga teke. Ng'ombe aliyepoteza ndama alikataa kuachia maziwa hata alipomwimbia. Mwishowe alimvuta ndama wa mwisho mwenye nguvu kutoka kwa mama yake, ndama akilia na kumsukuma kwa kichwa, akakamua kile ambacho ndama angekinywa, na chote kilikuwa kiasi cha kikombe. Alikitia katika kibuyu, akakifunika, akaanza safari na Kaviha nyuma yake.

Langoni askari walimwambia awape, watampelekea. Alikataa. Alizunguka kwa nje, akapita penye mnyororo wa malka, mpaka pale penye senyenge. Kaviha aliingia ndani akamleta mzee akimshika kwapani. Mzee alikuwa mwepesi kama nguo iliyoanikwa. Darmi alipitisha kibuyu katikati ya nyaya, miiba ya senyenge ikamchubua mkono, hakujali.

Mzee alikipokea, akakitikisa, akasikia maziwa yakichezacheza chini kabisa. Akajaribu kutabasamu.

"Leo ni kidogo, mama."

Damu ikamchemka Darmi mpaka masikioni. "Kidogo? Ng'ombe yangu nakufa sababu yako. Bwana yangu hasemi na mimi sababu yako. Hii mimi natoa mdomoni ya ndama, na yeye nalia mpaka sasa. Wewe nasema kidogo? Kunywa."

Tabasamu likamtoka mzee. Akavua kofia yake ya sufu, akaishika kifuani, akaweka mdomo kwenye kibuyu akanywa polepole, akipumzika, akinywa tena. Hakutapika. Kaviha alikuwa akimtazama kila funda linaloshuka kooni.

Darmi alikuwa ameingoja saa hiyo tangu siku ya kwanza, na sasa imefika hakuiona raha yake. Alikuwa akilia, na alilia kwa hasira. Nyuma ya mzee, kati ya kibanda na miti, Tana ulikuwa ukipita na maji tele, na ng'ombe wake waliobaki walikuwa mbali huko, wamelala bila kunywa. Alilitazama lile lango la malka na kufuli lake mpaka mzee alipomaliza.